Toka Kolwezi hadi Kinshasa ni Mbali Gani?



Juma lililopita tulikuwa darasani pamoja na wanafunzi wetu, ramani ya Kongo imetundikwa ukutani, tukawauliza swali ambalo tulidhani ni jepesi: Toka Kolwezi hadi Kinshasa ni mbali gani?

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa mtoto wa mfanyabiashara ambaye husafiri mara kwa mara. "Mwalimu, ni saa mbili." Wa pili alikuwa mtoto wa dereva wa lori. "Siyo, Mwalimu. Ni majuma, na wakati wa mvua hakuna ajuaye." Wa tatu alikuwa msichana mmoja akaaye karibu na dirisha, mtoto mkimya. Alisema, "Kaka yangu alikwenda huko miaka sita iliyopita, na hajarudi."

Darasa lilicheka kidogo, kisha likanyamaza. Nasi tulinyamaza, maana hakuna hata mmoja katika wale watatu aliyekosea. Kila mmoja aliipima njia ile ile kwa kipimo kilichozoewa nyumbani kwao. Kwa hiyo leo, katika ukurasa wetu huu wa kila juma, tumeona vema tuichukue njia hiyo tuipime polepole: kwanza kwa kilometa, kisha kwa saa, kisha kwa vile vitu ambavyo ramani haivionyeshi.

Kipimo cha kilometa

Tuanze na kilometa, maana hizo hazimpendelei mtu. Tajiri na maskini, wote wawili huzikuta ni zile zile.

Wanafunzi, twaeni kalamu na karatasi. Mwajua ya kuwa dunia ni mviringo, na mzingo wake ni kama kilometa 40,000. Hesabu hiyo haikutokea kwa bahati. Wafaransa walipoibuni meta, mwishoni mwa karne ya 18, walikusudia kwamba toka ncha ya kaskazini ya dunia mpaka ikweta ziwe meta milioni 10, yaani kilometa 10,000. Hiyo ni robo ya mzingo. Mzingo mzima basi ni mara nne yake. Gawanyeni 40,000 kwa digrii 360, mtapata kama kilometa 111 kwa kila digrii moja.

Sasa tazameni ramani. Uwanja wa ndege wa Ndjili, pale Kinshasa, uko digrii 4 na dakika 23 kusini ya ikweta, na digrii 15 na dakika 27 mashariki ya Greenwich. Uwanja wa Kolwezi uko digrii 10 na dakika 46 kusini, na digrii 25 na dakika 30 mashariki. Kwa hiyo, kutoka Kinshasa kuja kwetu, tunashuka kusini kwa digrii 6 na dakika 23, nazo ni kama kilometa 708. Tena tunakwenda mashariki kwa digrii 10 na dakika 3. Digrii za mashariki hupungua urefu kadiri mtu anavyoiacha ikweta, kwa sababu mistari inayotoka ncha hata ncha inakaribiana. Hapa petu kila moja ni kama kilometa 110. Basi mashariki tunakwenda kama kilometa 1,106.

Mmekwisha kupata pande mbili za pembetatu yenye pembe mraba. Upande wa tatu, ule mrefu, ndio njia ya ndege. Mgiriki Pythagoras alikwisha kutufundisha jinsi ya kuupata: zidisheni kila upande kwa wenyewe, jumlisheni, kisha tafuteni kipeo cha pili. Mkifanya hesabu vizuri mtapata kilometa 1,313. Wenye vyombo, wanaohesabu hata na mviringo wa dunia, hupata tatu au nne zaidi. Sisi tutasema 1,315, na hakuna atakayetushtaki.

Hiyo ndiyo njia iliyonyooka. Lakini viumbe vingine vinakwenda Kinshasa kwa njia isiyonyooka. Maji ya Lualaba, yanayozuiliwa katika bwawa la Nzilo karibu na mji wetu, nayo mwisho wake ni kupita Kinshasa. Lakini kwanza yanapanda kaskazini mpaka yavuke ikweta, yanafika Kisangani, yanageuka magharibi, yanavuka ikweta mara ya pili pale Mbandaka, ndipo yanaposhuka Kinshasa. Ni safari ya kilometa zaidi ya 3,000. Gari la moshi nalo lilipewa njia yake. Mwaka 1928 reli ya toka Bukama mpaka Ilebo ilipokwisha, shaba ya Katanga iliweza kupita Kamina na Kananga mpaka bandari ya Ilebo katika mto Kasai, ikapakiwa katika meli za mto mpaka Kinshasa, wakati ule ikiitwa Léopoldville. Reli ile ilijengwa hasa kwa ajili ya shaba. Watu walipanda pia, lakini walikuwa wageni wa shaba.

Kipimo cha saa

Sasa tuzigeuze kilometa ziwe saa. Tunawapa kanuni ndogo, ambayo itawafaa kwa viwanja viwili vyo vyote duniani. Ndege ya jeti, ikiwa juu angani, huenda kama kilometa 800 kwa saa. Gawanyeni umbali kwa 800, kisha ongezeni nusu saa. Nusu saa hiyo ni ya nini? Ni ya kutambaa chini mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, ya kupanda polepole, na ya kushuka kwa taratibu. Katika sehemu hizo ndege haina mwendo wake kamili.

Basi 1,315 kwa 800 ni saa 1 na dakika 39. Ongezeni nusu saa: saa 2 na dakika 9. Mtoto wa mfanyabiashara alisema kweli. Kama ndege ni ya mapanga, yenye mwendo wa kilometa 500 kwa saa, safari itakuwa saa 3 na dakika 8.

Tena kuna fumbo ambalo limewachanganya wasafiri wengi. Nchi yetu ni pana hata ina saa mbili. Kolwezi na Lubumbashi zimetangulia Kinshasa kwa saa nzima. Mtu akiondoka Kinshasa saa 3 asubuhi atashuka Kolwezi saa 6 na dakika 9 mchana. Ataona amesafiri saa 3 na zaidi. Akirudi siku nyingine, akiondoka Kolwezi saa 8 mchana, atashuka Kinshasa saa 9 na dakika 9. Ataona amesafiri saa 1 tu na dakika chache. Je, ndege imeongeza mbio? La. Ni saa ya ukutani iliyobadilika, wala si safari. Mkumbuke jambo hili mnapokwenda kumpokea mgeni, msije mkakesha uwanjani bure au mkamkuta amekwisha kuondoka.

Lakini wazee wenye akili watatuambia: Ninyi walimu mwahesabu angani tu, na chini je? Wana haki. Safari huanza mlangoni pa nyumba. Kuna kwenda uwanjani, kuna kupanga mstari, kuna mizigo kupimwa, kuna kungoja ndege iliyochelewa. Na siku ambayo hakuna ndege ya kutoka Kolwezi moja kwa moja, msafiri hupanda gari kwanza kwenda Lubumbashi kwa njia ya Likasi, kilometa kama 300 za barabara, ndipo aruke kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa, kilometa kama 1,555. Zile saa mbili huwa siku nzima, na pengine mbili.

Jambo hili si geni. Tarehe 12 Februari 1925, Mbelgiji Edmond Thieffry aliondoka Bruxelles kwa ndege pamoja na wenzake wawili ili kufika Kongo. Hakuna mtu aliyekuwa amefanya safari hiyo kwa ndege kabla yao. Walifika Léopoldville tarehe 3 Aprili. Safari ilichukua siku 51. Lakini je, mwajua walikaa angani muda gani? Saa 75 na dakika 25 tu, hazipati siku nne. Siku zote zilizobaki walikuwa chini, wakitengeneza chombo na kungoja. Miaka kumi baadaye, mwezi wa Februari 1935, kampuni ya Sabena ilipoanza safari za kawaida kati ya Ubelgiji na Kongo, zilitosha siku 5 na nusu. Leo, toka Bruxelles mpaka Kinshasa, kilometa kama 6,240 kwa mstari ulionyooka, ni saa 8 na kidogo. Ifanyeni hesabu wenyewe kwa kanuni ile.

Ulaya haikusogea karibu, wala Kongo haikusogea. Kilometa ni zile zile. Kilichobadilika ni kile ambacho wanadamu wameweka katikati.

Kipimo cha woga

Hapa tunafika penye neno tunalotaka kuwaambia leo. Kama akili ya mwanadamu yaweza kuifupisha njia, woga wake waweza kuirefusha tena. Nao ushahidi tunao hapa hapa Kolwezi.

Chukueni rula, mweke ncha moja juu ya Kinshasa na ncha ya pili juu ya Ndola, kule Zambia. Tazameni mahali rula inapopita. Inapita karibu kabisa na Kolwezi. Njia iliyonyooka ya toka Kinshasa kwenda Ndola, kilometa kama 1,740, hupita juu ya machimbo yetu.

Tarehe 17 Septemba 1961, jioni, Bwana Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliondoka Léopoldville kwa ndege ya aina ya DC-6 iliyoitwa Albertina. Alikuwa akienda Ndola kuonana na Moïse Tshombe, ili vita ya Katanga isimamishwe. Siku zile mapigano yalikuwa makali. Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ireland walikuwa wamezingirwa. Na Katanga ilikuwa na ndege moja ya vita, aina ya Fouga Magister, iliyokuwa ikitumia uwanja wa Kolwezi na kuwashambulia askari wa Umoja wa Mataifa.

Kwa ajili ya ndege ile moja, Albertina haikuifuata njia iliyonyooka. Ilizunguka mashariki kuelekea ziwa Tanganyika, kisha ikashuka kusini. DC-6 ilikwenda kama kilometa 500 kwa saa. Kwa kanuni yetu, njia iliyonyooka ingekuwa ya saa 4. Waliondoka Léopoldville karibu saa 11 jioni. Kwa saa ya Ndola, ambayo nayo imetangulia kwa saa moja, saa 6 ya usiku ilikuwa imepita kidogo walipoukaribia uwanja. Ni zaidi ya saa 6 angani. Hawakufika. Ndege ilianguka msituni, kama kilometa 15 kutoka uwanja wa Ndola. Watu 16 walikuwamo. 15 walikufa pale pale, na wa mwisho alikufa hospitalini siku chache baadaye.

Sababu ya kuanguka kwake ingali ikitafutwa. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimteua Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, kuongoza jopo la kuichunguza upya habari hiyo, na kazi hiyo ameiendeleza miaka mingi. Sisi hatuna la kuongeza juu ya kazi ya majaji. Tunasema tu lile ambalo hata rula ya mwanafunzi inaweza kulisema: watu waliokuwa wakitafuta amani walilazimika kuikimbia njia fupi kwa sababu watu hawakuaminiana. Woga uliongeza saa mbili juu ya saa nne. Bwana Hammarskjöld alipewa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka huo huo, akiwa amekwisha kufa.

Miaka 17 baadaye njia ile ile ya hewani ilijazwa askari. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji waliotoka Angola waliingia Kolwezi. Tarehe 19 Mei askari wa Kifaransa walipakiwa katika ndege huko Kinshasa, wakaruka zile kilometa zetu 1,300, wakashuka mjini kwa miavuli. Katika siku zile mamia ya watu walipoteza maisha, Waafrika na Wazungu. Wazungu waliosalia, zaidi ya 2,000, waliondolewa kwa ndege. Wenyeji hawakuwa na ndege. Wengi wao walikimbilia porini kwa miguu, watoto mgongoni. Waulizeni bibi zenu. Watawaambia kwamba mwezi ule Kinshasa ilikuwa karibu sana kwa wengine, na kwa wengine hata kijiji cha jirani kilikuwa mbali.

Basi, wapendwa, tusiseme haraka kwamba dunia imekuwa ndogo. Dunia huwa ndogo mahali penye amani tu.

Kipimo cha nyumba

Sasa turudi kwa yule msichana wa dirishani, maana jibu lake hatujalipima bado. Miaka sita kwa njia ya saa mbili!

Wengine watasema: Ni fedha. Hatulikatai neno hilo. Tiketi moja ya ndege hupita mshahara wa mwezi wa mwalimu wa shule ya msingi, nasi twaijua mishahara hiyo. Kijana anayesoma au anayetafuta kazi katika mji mkubwa hawezi kuinunua kila mwaka, wala hatumlaumu.

Lakini kuna jambo tunalolishuhudia mara nyingi parokiani, nalo linatusumbua rohoni. Mama yu hai, na mwanawe yuko mbali miaka na miaka. Kila mwaka anasema tiketi ni ghali, na ni kweli. Siku mama anapofariki, mchango unapita ukoo mzima, tiketi inapatikana kabla jua halijatua, na kesho yake mwana yuko uwanjani kwa suti nyeusi. Analia sana, na kilio chake ni cha kweli. Lakini saa zile mbili angani, kama angezisafiri miezi mitatu mapema, angeukuta mkono wa mama ukiwa na joto. Nasi tunaoandika haya tusijidai kuwa safi. Sisi pia tumewahi kuyafika mazishi upesi kuliko tulivyoyafikia magonjwa.

Basi kama fedha ya mazishi yaweza kupatikana kwa siku moja, haiwezekani kusema kwamba fedha peke yake ndiyo iliyozuia. Kuna kitu kingine. Tukiwauliza vijana kwa upole, hutuambia: "Mwalimu, nitarudije mikono mitupu?" Hilo ndilo jibu. Kijana aliondoka na baraka za ukoo mzima. Kila mtu alimtazamia arudi mkubwa. Kazi aliyoitumaini hakuipata. Anajua kwamba akishuka pale uwanjani, shangazi atautazama mkono wake kabla ya kuutazama uso wake. Basi anazunguka. Anatuma salamu kwa simu, anatuma fedha kidogo akizipata, na mwaka unapita, na mwingine. Kama ile ndege ya mwaka 1961, anaikwepa njia iliyonyooka kwa woga, na njia aliyoichagua kwa usalama inamtenga na watu wake kuliko ile aliyoiogopa.

Enyi wazazi, neno hili ni kwenu kwanza. Mnakumbuka habari ya mwana mpotevu kama alivyoisimulia Bwana wetu. Yule mwana alirudi bila kitu, hata viatu hakuwa navyo. Baba yake alimwona angali mbali, akamkimbilia. Hakumwuliza ameleta nini. Mbio zile za baba zilikuwa hatua chache tu, lakini zilifupisha njia ambayo mwana hakuthubutu kuimaliza peke yake. Mwambieni mtoto wenu, tena mapema, kabla hajawa mgeni: "Rudi ulivyo. Mkeka wako upo." Na siku atakapokuja, wakatazeni jamaa kumdai zawadi. Mtoto aliyepokelewa vizuri mara moja hatahitaji miaka sita kuja mara ya pili.

Nanyi vijana mlio mbali, simu ni kitu chema. Inafikisha sauti na inafikisha fedha. Lakini simu haimshiki mgonjwa mkono, wala haiketi naye nje ya nyumba jioni. Msingoje mtajirike ndipo mje. Wekeni akiba kidogo kidogo, kila mwezi, kwa jina la safari hiyo, na mtu asiiguse kwa haja nyingine. Siku ya kuondoka nyumbani, patana na wazazi mwaka wa kurudi, kama watu wanavyopatana siku ya arusi. Ndege ikishindikana, kuna lori na gari la moshi. Aliyeondoka mwezi mmoja mapema kwa lori atamtangulia yule anayeingoja ndege isiyokuja.

Na kama ukoo unaweza kuchanga kwa ajili ya jeneza, ujifunze pia kuchanga kwa ajili ya ziara. Hilo si jambo la kizungu wala la anasa. Hapa Kolwezi, katika misheni ya Ruwe, Padre Placide Tempels, Mfransisko, aliwakusanya wafanya kazi wa machimbo na wake zao katika miaka ya 1950, akawafundisha umoja wa nyumba. Na umoja ule uliitwa kwa neno letu wenyewe, Jamaa. Neno hilo lilitoka katika mji wetu likasambaa mbali. Itakuwa aibu kama sisi, wenyeji wa mahali lilipoanzia, tutakuwa jamaa siku ya matanga tu.

Tumalize kwa habari ndogo ambayo pengine wengi hamkuisikia. Mwaka 1920 Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Tano alimweka Bikira Maria wa Loreto awe mlinzi wa warubani na wote wasafirio angani. Kwa nini yule wa Loreto? Kwa sababu katika mji huo wa Italia inaheshimiwa nyumba ambayo wakristu wa zamani walisimulia kwamba ni ile ya Nazareti, nayo ililetwa hewani na malaika. Tazameni basi: Mama Kanisa alipomtafutia rubani mlinzi, alimpa mwenye nyumba. Kila ndege inayoruka, hata ikiwa ya shaba, hata ikiwa ya wakubwa, chini yake kuna nyumba inayomngoja mtu. Sikukuu ya Bibi huyo ni tarehe 10 Desemba. Siku hiyo waombeeni wasafiri, na waombeeni pia wale wanaoogopa kusafiri kurudi kwao.

Baada ya somo lile, wanafunzi wengine walipokwisha kutoka, yule msichana alibaki mbele ya ubao akinakili hesabu katika daftari lake. Tulimwuliza kwa nini anainakili, kwa kuwa alikuwa ameielewa. Alijibu kwamba anataka kumpelekea kaka yake ile namba ya mwisho. Tukamfutia vumbi la chaki lililokuwa limeifunika, ili aisome vizuri: kilometa 1,315.

Hatujui kama kaka yake amejibu. Nanyi wanafunzi, kazi yenu ya juma hili ni hii: mtafuteni ndugu mmoja wa jamaa yenu aliye mbali, mpime umbali wake kwa kanuni tuliyowapa, kilometa na saa, kisha mumwandikie hesabu hiyo kwa mkono wenu. Chini yake ongezeni mstari mmoja wa kumwambia kwamba nyumbani wanamngoja yeye, wala si mzigo wake.

Mungu awabariki, na awafikishe salama wote walio njiani.